Ruhusa ya Bikizee

Mwanadamu huzaliwa uchi akavikwa na wengine, na siku ya kufa huvikwa na wengine vile vile. Baina ya nguo ya kwanza na nguo ya mwisho ipo miaka ambayo mtu hujivika mwenyewe, na kwa kujivika huko huonyesha anavyojiona na anavyotaka kuonwa. Kwa hiyo mavazi si jambo dogo, ijapokuwa wapo wasemao kuwa mwenye akili hatazami nguo bali hutazama moyo. Moyo hauonekani, nguo huonekana. Watu hawana budi kusoma kile wakionacho, na mara nyingi hukisoma vibaya.

Insha hii yahusu sehemu moja ya miaka hiyo, nayo ni uzee wa mwanamke wa Kiislamu na stara yake. Maswali ni matatu. Je, sheria ya kujisitiri humshika mwanamke mzee kama imshikavyo msichana? Ikiwa humlegezea, humlegezea kwa sababu gani? Na ikiwa imekwisha kumlegezea, ni nani mwenye haki ya kuamua kama ataitumia ruhusa hiyo au ataiacha? Maswali mawili ya kwanza yamejibiwa na wanazuoni kwa karne nyingi. La tatu hujibiwa kila siku barazani, uani na mlangoni, aghalabu na watu ambao hata hawajui kuwa wameulizwa. Mimi nilikuwa mmoja wao, na yafaa nianze kwa kosa langu kabla sijatazama makosa ya wengine.

Bibi yangu mzaa mama aliishi Ng'ambo, Unguja, akapita umri wa miaka themanini. Asubuhi alikuwa na desturi ya kukaa barazani juu ya mkeka, ungo mapajani, akichagua mchele. Kanga moja ilikuwa mwilini na nyingine kichwani. Jua lilipopanda, ile ya kichwani ilishuka ikakaa mabegani, na mabutu yake meupe yakaonekana. Wapita njia walimwamkia, naye akawaitikia, na hapana aliyeona ajabu. Siku moja nilirudi nyumbani pamoja na wanafunzi wenzangu wawili, wanaume. Nilipomwona katika hali ile niliona haya. Sikusema neno, niliinama, nikaishika ile kanga, nikaivuta juu ya kichwa chake, nikaibana chini ya kidevu kama mtu amfungiaye mtoto kofia. Bibi aliacha mkono wake juu ya mchele, akangoja. Wageni walipokwisha kwenda aliniita. Kwa utani wa bibi na mjukuu aliniita kama alivyoniita siku zote: "Mume wangu, kichwa hiki umekikuta. Ukitaka kukifunika, piga hodi."

Nilicheka, naye akacheka. Lakini maneno yale hayakuniacha. Nilijiambia kuwa nilitenda kwa heshima, na ndivyo nilivyoamini. Hata hivyo heshima gani ile isiyomwuliza anayeheshimiwa? Nikaanza kuitafuta asili ya jambo lenyewe katika vitabu, nikitumaini kupata ushahidi kuwa mimi ndimi niliyekuwa sawa.

Asili yake ni aya ya 60 ya Sura ya Nuru. Maana yake kwa ufupi ni hii: wanawake wazee waliokaa, ambao hawana tena taraja la ndoa, hawana lawama wakiweka kando nguo zao, mradi wasikusudie kuonyesha mapambo, na wakijizuia na kuziweka kando, hilo ni bora kwao, na Mwenyezi Mungu ni msikivu na mjuzi. Katika maneno hayo machache yamo mambo manne: mtu mwenyewe, ruhusa, sharti na nasaha. Mabishano yote tuyasikiayo hutokea pale mtu anaposhika moja akasahau matatu.

Tumtazame kwanza mtu mwenyewe. Neno walilopewa wanawake hao kwa Kiarabu ni kawaidi, litokalo katika shina lenye maana ya kukaa kitako. Wafasiri wengi husema kuwa wameitwa hivyo kwa sababu wamekaa na kupumzika na hedhi na uzazi. Lakini neno hilo hilo latumika pia kwa misingi ya nyumba: katika Sura ya Bakara, aya ya 127, ndilo litumikalo pale Nabii Ibrahimu na mwanawe Ismaili wanapoinua misingi ya Nyumba ya Makka. Nasi Waswahili tumechota katika shina hilo neno letu kaida. Sidai kuwa aya imekusudia kuwaita wazee misingi. Kufanana kwa maneno si hoja. Walakini si vibaya kukumbuka kuwa mtu aliyekaa si lazima awe mtu aliyetupwa. Msingi nao umekaa, na nyumba nzima imesimama juu yake.

Tutazame pia mahali ilipowekwa aya hii. Haikuwekwa kando ya aya ya 31 ya sura hiyo hiyo, iwaamrishayo wanawake waaminio waangushe shungi zao juu ya vifua vyao, wala haimo katika Sura ya Ahzabu, aya ya 59, isemayo juu ya shuka la nje. Imewekwa katikati ya adabu za nyumbani. Aya ya 58 yafunza kwamba watumishi na watoto wasiobaleghe waombe ruhusa kabla ya kuingia kwa wakubwa wao katika nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya sala ya isha. Aya ya 59 yawatia katika adabu hiyo watoto waliokwisha kubaleghe. Aya ya 61 yataja kipofu, kiwete na mgonjwa, kisha yaruhusu watu kula katika nyumba za jamaa zao. Fauka ya hayo, tendo la kuweka nguo lililotajwa kwa bikizee katika aya ya 60 ni lile lile lililotajwa kwa wenye nyumba wakati wa adhuhuri katika aya ya 58. Nilipoona hivyo nilikumbuka maneno ya barazani. Bibi hakuwa msomi wa tafsiri, lakini alikuwa ameiweka hodi mahali pake.

Sasa twende kwenye ruhusa. Ni nguo gani hizo ambazo bikizee hana lawama akiziweka kando? Hapana mwanazuoni aliyefahamu kuwa ni nguo zote. Hilo hata mtoto hawezi kulifahamu hivyo. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas na Ibn Masud, masahaba wa Mtume, kuwa makusudio ni nguo ya juu, lile shuka la nje livaliwalo juu ya nguo nyingine. Tafsiri hiyo ndiyo iliyofuatwa na jumla ya wafasiri, tangu Tabari, aliyefariki mwaka 923, hata waliomfuata. Qurtubi, aliyefariki mwaka 1273, ametaja kuwa wako watu waliosema kwamba mwanamke aliyekata tamaa ya ndoa, nywele zake zikionekana, hapana ubaya. Lakini yeye mwenyewe hakuipa nguvu kauli hiyo, akasema kuwa sahihi ni kwamba mzee ni kama kijana katika wajibu wa kujisitiri.

Kwa lugha ya pwani yetu maana yake ni hii. Kwa kauli ya wengi, bikizee aweza kuliacha buibui lake nyumbani akatoka kwa kanga zake mbili, moja mwilini na moja kichwani, na hana dhambi. Kwa kauli ya wachache, hata ile ya kichwani ikishuka mabegani mbele ya mgeni hapana neno. Basi katika kisa changu, msomaji aifuataye kauli ya wengi ana haki ya kusema kuwa bibi alikuwa amevuka mpaka kidogo mbele ya wale wageni wawili, na kuwa nilikuwa na jambo la kumkumbusha. Sikatai. Lakini kukumbusha ni kazi ya ulimi, nami nilitumia mkono.

Kwa nini ruhusa hii ikatolewa? Hapa ndipo penye kiini cha jambo, na hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Jibu lililo jepesi ni kuwa mwanamke mzee hatamaniwi tena, na kwa kuwa hatamaniwi hapana hatari katika kumtazama. Katika vitabu vya fikihi limo pia jibu la upande wa pili: kwamba tamaa za watu hazina kipimo, kila kilichoanguka kina mwokotaji wake, kwa hiyo hata mzee na ajifunike kama kijana. Majibu haya mawili yapingana katika hukumu, lakini ni ndugu katika mtazamo. La kwanza lasema kuwa bikizee amekwisha thamani, na afunue. La pili lasema kuwa bado ana thamani kidogo kwa wasio na uchaguzi, na afunike. Katika yote mawili kipimo ni jicho la mwanamume, na bikizee ni bidhaa iliyowekwa sokoni au iliyoondolewa sokoni.

Aya yenyewe haisemi hivyo. Haisemi wanawake wasiotamaniwa. Yasema wanawake wasiotaraji ndoa. Mwenye kutaraji ni mwanamke. Tendo limefungwa kwake, wala halikufungwa kwa mtazamaji. Aya haikutaja miaka hamsini wala sitini wala sabini, haikutaja mikunjo ya uso wala weupe wa nywele. Imetaja jambo lililo ndani ya nafsi ya mtu, ambalo hapana alijuaye ila yeye na Mola wake. Mjane wa miaka sitini ambaye bado ana taraja la kuolewa hayumo, hata kama mtaa mzima umekwisha kumwita bibi. Na kwa kuwa mpaka umewekwa juu ya taraja lake, yeye ndiye shahidi wa kwanza wa kuwa amefika kwenye mpaka huo. Nadhani ndiyo maana aya ikafungwa kwa kukumbusha kuwa Mungu husikia na hujua. Jambo ambalo majirani hawawezi kulijua limerudishwa kwa Ajuaye.

Kwa hiyo naona kuwa ruhusa hii imetolewa kama wepesi, wala si kama tangazo la kushuka thamani. Uzee una joto lake na uzito wake. Mkono hauinuki kama zamani, pumzi ni fupi, macho hayaoni vizuri penye vitambaa vingi. Mtu aliyejisitiri miaka hamsini ameruhusiwa apunguze mzigo, kama vile msafiri alivyoruhusiwa kufupisha sala. Na anayepumzishwa mzigo hakudharauliwa.

Likabakia sharti na nasaha. Sharti ni kutoonyesha mapambo, nalo halina mgogoro mkubwa: wepesi usigeuzwe kuwa maonyesho. Nasaha ndiyo ngumu, ile isemayo kuwa kujizuia ni bora kwao. Wengi wa wale wawabanao wazee hushika maneno hayo. Husema: ikiwa kujisitiri ni bora, kwa nini tusimsukume kwenye lililo bora?

Upo mfano mzuri wa nasaha hii katika maisha ya Hafsa binti Sirin, mwanamke wa Basra aliyesifiwa kwa elimu na ibada, dada wa Muhammad bin Sirin. Mpokezi wa hadithi aitwaye Asim al-Ahwal amesimulia kuwa walipoingia kwake katika uzee wake walimkuta amejifunika shuka lake hata usoni. Wakamkumbusha kwa upole aya hii ya wazee, kana kwamba wamwambia ajipunguzie taabu. Yeye akawauliza kuna nini baada ya maneno hayo. Walipofika kwenye maneno ya kuwa kujizuia ni bora, akawaambia kuwa maneno hayo ndiyo yanayolithibitisha shuka lake.

Kisa hiki hutajwa sana ili kuwahimiza wanawake wazee wasiitumie ruhusa. Mimi nakisoma kwa namna nyingine pia. Wanaume wale, wanafunzi wake, walimwambia, hawakumgusa. Nao hawakumwambia ajifunike, walimwambia ana ruhusa ya kujifunua. Yeye akawajibu kwa hoja, na hoja ikaheshimiwa. Lililo bora alilichagua mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya watu waliokuwa wakimtajia wepesi. Ubora wake ulikuwa katika kuchagua huko. Lau wanafunzi wake wangalimfunga shuka kwa nguvu, hapangalikuwa na kisa cha kusimuliwa, wala Hafsa hangalikuwa na fadhila yo yote katika shuka lile.

Hapa lipo jambo la falsafa ambalo lastahili kutulizwa. Je, kitu chaweza kuwa bora, na kukiacha kusiwe na lawama? Wako wanaofikiri kuwa haiwezekani: lililo bora ni wajibu, na asiyelitenda amepungukiwa. Lakini wanazuoni wa fikihi hawakuona hivyo. Waligawa hukumu katika azima, yaani hukumu kamili kama ilivyowekwa, na rukhsa, yaani wepesi uliotolewa kwa udhuru. Na imepokewa hadithi yenye maana kwamba Mungu apenda ruhusa zake zitumiwe kama apendavyo azima zake zifuatwe. Saumu yatupa mfano ulio karibu. Aya ya 184 ya Sura ya Bakara yampa nafuu mgonjwa na msafiri, yataja fidia ya kulisha maskini kwa asiyeweza ila kwa taabu, kisha yasema kuwa kufunga ni bora. Mpangilio ni ule ule: ruhusa, kisha nasaha ya ubora. Mzee asiyeweza kufunga hutoa kibaba cha chakula kwa kila siku moja, na katika miji yetu hapana mtu mwenye akili amwendeaye mzee huyo mchana wa Ramadhani akamnyang'anya kikombe cha maji mdomoni kwa hoja ya kuwa kufunga ni bora. Tukifanya hivyo tutaitwa wakatili. Basi imekuwaje kwamba kunyang'anya kikombe ni ukatili, na kuvuta kanga ni heshima?

Lililo bora lisilo wajibu ni zawadi. Mtu humtolea Mola wake kwa hiari, naye hulipwa kwa hiari yake. Zawadi ikitolewa kwa kushikwa mkono si zawadi tena. Anayemlazimisha bikizee atende lililo bora hamwongezei thawabu. Amemwondolea mahali pa kuipata. Aya imesema ni bora kwao. Haikusema kuwa ni bora kwetu, wala haikutukabidhi sisi ulinzi wa ubora huo.

Nisifahamike kuwa nawatetea waliofunua dhidi ya waliofunika. Haki ya kuchagua hukata pande zote mbili, na historia ya Unguja yatufunza kuwa kwa wengine kujifunika kulikuwa ndiko uhuru wenyewe. Katika karne ya kumi na tisa, chini ya masultani wa Kiomani, nguo ilikuwa cheo. Mabibi wa nyumba za kitajiri walivaa barakoa na kujifunika. Mtumwa mwanamke alikwenda kichwa wazi, mwilini mwake kaniki au merikani, kwa kuwa stara ilihesabiwa kuwa mali ya waungwana. Utumwa ulipoondolewa kisheria mwaka 1897, wanawake wengi waliotoka katika hali ile walizishika kanga, na katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini wakalivaa buibui. Bibi alikuwa akitusimulia juu ya nyanya yake mwenyewe, aliyekuwa mtoto katika siku za utumwa. Mwanamke yule alilipata buibui lake akiwa mtu mzima, wala hakuliacha hata mgongo ulipopinda. Wanawe walipomwambia kuwa sasa ni mzee na aweza kupumzika nalo, aliwajibu kuwa alikwisha kupumzika nalo utotoni.

Jibu hilo lafaa kufikiriwa. Ruhusa ya kuvua humfaa aliyekuwa na cha kuvua. Kwa mtu ambaye nywele zake zilikuwa wazi kwa amri ya bwana wake, kufunua si wepesi, ni kumbukumbu ya unyonge. Mtu wa nje amwonaye ajuza chini ya nguo nyeusi katika jua la Februari huweza kumhurumia, asijue kuwa amhurumia kwa jambo ambalo kwake ni ushindi.

Ukatili wa pande zote mbili umeonekana wazi zaidi katika nchi nyingine ya Kiislamu, ambako serikali yenyewe iliutia mkono wake kichwani mwa wanawake. Mwaka 1936 huko Uajemi, Shah Reza alitoa amri ya kuwavua wanawake shuka na vitambaa vya kichwa. Askari polisi waliwavua wanawake njiani. Wasichana wa shule na wake wa maofisa waliizoea hali mpya, wengine kwa furaha. Walioumia zaidi walikuwa wanawake wazee, ambao wengi wao walijifungia majumbani kuliko kutoka kichwa wazi, hata Shah alipoondoka katika kiti chake mwaka 1941 na amri ile ikalegea. Kisha yakaja mapinduzi ya mwaka 1979, na mwaka 1983 serikali mpya ikaweka sheria ya kumwadhibu mwanamke asiyejisitiri hadharani. Msichana aliyekuwa na miaka 20 alipovuliwa shuka kwa amri mwaka 1936 alikuwa na miaka 67 ilipokuja amri ya kulivaa. Katika ujana wake, wakati ambao dini yamtaka ajisitiri, serikali ilimvua. Katika uzee wake, wakati ambao dini imemlegezea, serikali ilimvika. Serikali hizo mbili zilichukiana, lakini zilikubaliana katika jambo moja: kwamba yeye si wa kuulizwa.

Najua yapo maneno ya kunijibu. La kwanza ni kuwa mzee ni kioo cha vijana. Akilegeza yeye, wajukuu watalegeza kwa mara mbili. Hoja hii ina uzito, na pengine ndiyo iliyomo katika nia ya wazee wengi wanaochagua kuendelea na buibui. Lakini ni hoja ya kumwambia mzee, wala si ya kumfanyia. Na kioo kilicholazimishwa hakionyeshi kitu. Kijana amwonaye bibi yake akijisitiri kwa hiari hujifunza stara. Amwonaye akifunikwa kwa nguvu hujifunza nguvu.

La pili ni kuwa wajibu wa kuamrishana mema ni wetu sote, na kwamba nikisema mwacheni achague, nafungua mlango wa kila mtu kufanya apendavyo. Sivyo. Sizungumzi juu ya mambo yaliyoharamishwa kwa kauli moja. Nazungumza juu ya jambo ambalo Kitabu chenyewe kimesema kuwa halina lawama. Tukileta lawama pale ilipoondolewa hatuhifadhi sheria, twaizidisha. Na kuzidisha dini ni kosa kama kuipunguza, ijapokuwa mwenye kuzidisha hutembea akijiona mwema.

La tatu ndilo gumu, na sina jibu jepesi kwake. Wako wazee waliokwisha kupotewa na akili. Bikizee huyo hajui kuwa amekaa nje, hajui kuwa nguo imeanguka, pengine huvua hata nguo ambayo katika siku zake za fahamu angalikufa kuliko kuivua mbele za watu. Je, naye tungoje achague? Hapana. Hapo stara yake imekuwa amana mikononi mwa wamtunzao, na kumfunika ni wajibu wao. Lakini hata amana hurudishwa kwa namna ya mwenye mali. Yafaa mtunzaji ajiulize: huyu alipokuwa na akili zake alikuwa akivaaje? Alipenda nini? Aliona haya kwa nini? Mtoto ambaye sasa amtaka mama yake mgonjwa avae nikabu, ilhali maisha yake yote alivaa ukaya na kanga, hamsitiri mama yake. Ajisitiri yeye mwenyewe kwa mwili wa mama yake. Na yule ambaye amwacha wazi kwa kuwa eti hajui tena, ameisaliti ile haya aliyokabidhiwa.

Basi jibu langu kwa swali la tatu ni hili. Ruhusa ya bikizee ni mali ya bikizee. Mwanazuoni ana haki ya kumweleza mipaka yake, mwana ana haki ya kumkumbusha kwa adabu, na mjukuu ana wajibu wa kumwokotea kanga ikianguka na kumpa mkononi. Baada ya hapo neno ni lake. Akiiweka kando, hana lawama, nasi tusimletee. Akiivaa, ni bora kwake, nasi tusimcheke wala tusimhurumie. Katika hali zote mbili, anayetaka kuingia na apige hodi.

Bibi alifariki miaka michache baada ya siku ile ya barazani. Desturi ya madhehebu yetu ya Shafii ni kuwa mwanamke hukafiniwa kwa nguo tano, na moja katika hizo ni ushungi. Wanawake wa mtaani walikuja wakamwosha, wakamvika, na sisi wanaume tukangoja ukumbini mpaka tulipoitwa. Nilipoingia, kichwa chake kilikuwa kimekwisha kufunikwa vizuri, na hapana aliyehitaji kunyosha mkono. Siku hiyo huvikwa kila mtu, aliyechagua na asiyechagua, wala hapana aulizwaye. Kwa kuwa siku hiyo yaja kwa hakika, naona si haki kuileta mapema kwa mtu ambaye bado yu hai, amekaa barazani kwake, na ungo uko mapajani.